Asilimia za Awamu za Seli Hazisomwi Kama Saa

Nilipoanza kupima mzunguko wa seli kwa saitometa ya mtiririko, mashine inayopima mwanga wa seli mojamoja zikipita kwenye leza, niliziamini asilimia za kila awamu zinazotolewa na programu kama mnunuzi anavyoamini mizani ya dukani. Jedwali langu la kwanza lilionyesha kwamba dawa niliyoijaribu ilizirundika seli katika G2, awamu inayofuata kurudufu DNA, nami nikafurahi wiki nzima, hadi nilipogundua kuwa sehemu kubwa ya kilele cha G2 kwenye grafu ilikuwa seli mbilimbili za G1, awamu ya kabla ya kurudufu DNA, zilizogandana. Jozi ya namna hiyo hutoa mwanga sawa na seli moja iliyokwisha kurudufu DNA yake, wala hakuna hesabu ya kuzitenganisha kwa jumla ya mwanga peke yake. Kinachoifichua ni upana wa mpigo, yaani muda ambao mwanga wake hudumu, kwa sababu jozi huchukua muda mrefu zaidi kuupita mwale wa leza. Ondoa jozi kwanza, ndipo ufungue programu ya modeli, ile inayokadiria asilimia za awamu.

Propidiamu ayodaidi, rangi inayoshika DNA na kutoa mwanga unaopimwa, hushika RNA pia, hivyo usisahau kimeng'enya cha kuivunja, la sivyo vilele hutanuka, vikaifunika S, awamu ya kurudufu DNA, kutoka pande zote mbili, na modeli ikabaki kukisia. Modeli ya Dean na Jett ya mwaka 1974 huichora S kwa polinomia, ilhali ile ya Watson na wenzake ya mwaka 1987 haiipangii S umbo lolote. Mimi huziendesha zote mbili juu ya data ileile. Zikipishana sana, hurudi kwenye sampuli.

Kosa lililonichelewesha zaidi, hata hivyo, lilikuwa la hesabu. Seli zangu zilijigawa kila baada ya saa 24, asilimia 50 zikiwa G1, nami nikaandika kwamba G1 huchukua saa 12. Katika seli zinazoongezeka bila kizuizi, zilizozaliwa punde huwa maradufu ya zile zinazokaribia kujigawa, kwa hiyo G1 huonekana ndefu kuliko ilivyo. Gawanya 2 kwa 2 iliyopunguzwa sehemu ya G1 (hapa 0.5), tafuta logi ya kizio cha 2, kisha zidisha kwa saa 24: utapata takribani saa 10.

Kanuni hii hudai kwamba seli zote zinajigawa. Pale dawa inapokuwa imezisimamisha baadhi, huandika asilimia tu, nikaiacha safu ya saa tupu.