Lita 50? Njooni kwanza mhesabu vichwa

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Je, mto Ruvu ukipungua tena, Dar es Salaam iige Cape Town ya mwaka 2018 na kumwekea kila mkazi kikomo cha lita 50 za maji kwa siku?" Nimelisoma nikiwa nasubiri ndoo ijae. Kwanza nilicheka, kisha nikaona hasira zinanipanda, ndiyo maana naandika.

Lita 50 ni ndoo mbili na nusu za lita 20. Kwa mtu mmoja, kwa siku moja! Nimepanga nyumba Manzese, nikapanga Tabata, nikapanga Kimara, na kote huko sikumbuki mpangaji aliyefikisha kiasi hicho, labda siku ya msiba au ya kufua mapazia ya Idi. Mtu wa uani huoga kwa nusu ndoo. Maji ya kusuuzia nguo hayamwagwi, yanapigiwa deki, na yaliyopigiwa deki yanaishia chooni. Hatukufundishwa na tangazo la redio. Ndivyo tulivyolelewa, kwa sababu dumu linanunuliwa. Kwa hiyo mkituwekea kikomo cha lita 50 mtakuwa mmetupandisha cheo, na mimi nitakuwa wa kwanza kuja kudai hizo zilizobaki.

Najua Cape Town walikuwa na sababu. Mvua iligoma miaka mitatu mfululizo, mabwawa yakashuka, wakatangaziwa siku ambayo bomba zingefungwa na watu wapange foleni kwenye vituo vya kuchota. Kuanzia Februari 1, 2018 kila mtu akaambiwa asizidi lita 50. Waliozidisha walifungiwa vifaa vya kubana maji kwenye mita, na msukumo kwenye mabomba ukapunguzwa. Ikafanya kazi, siku ile haikufika. Lakini waliokuwa wanazuiwa ni watu wa aina gani? Ni wale wenye bustani, bwawa la kuogelea na bafu mbili, wenye maji bombani saa 24. Wale wa vibanda walikuwa wanatumia sehemu ndogo tu ya maji ya mji ule, na walikuwa wanachota kwenye koki za pamoja tangu zamani. Mtu anayeishi hivyo unambania nini?

Sisi shida yetu ni nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 2022, vuli ilipokataa kunyesha, tulitangaziwa kwamba uzalishaji umeshuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300. Mji huu karibu wote unategemea mto mmoja unaotoka milima ya Uluguru, na mitambo miwili: Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini kule Bagamoyo. Mto ukishuka, hakuna bwawa la kushikilia. Ndiyo maana Kidunda inajengwa kule Morogoro, ihifadhi lita bilioni 190, mradi ambao wazee wetu waliusikia wakiwa vijana. Mwaka huohuo visima vya Kigamboni viliingizwa kwenye mfumo, lita milioni 70 kwa siku, na vilisaidia, sitaki kudanganya. Ila chukueni hizo milioni 300 mzigawe kwa wakazi wote wa jiji la wakati ule, tuseme milioni tano na nusu. Si zinapita hata hizo 50? Na hapo bado hujatoa viwanda, hoteli na maji yanayopotea njiani. Kwa karatasi kila mtu angekunywa, angeoga na kufua. Kwa nini basi kuna waliokaa wiki nzima hawajaona tone?

Hapo ndipo nawakumbuka wenzangu wa Kimara.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya barabara, vyumba saba, koki moja uani chini ya mwembe. Matangi makubwa ya mamlaka hayapo mbali na pale, ungedhani maji yatatushukia kama mvua. Wapi! Ratiba ya mgao iliyokuja kwenye simu ilisema Jumanne na Ijumaa. Haikusema saa. Yalikuwa yanakuja saa nane za usiku, na kabla hayajaja koki inakoroma, inatoa upepo, na mita inazunguka kwa huo upepo kama kawaida. Tulikuwa tunaulipia.

Mwanzoni ilikuwa kila mtu na mbio zake. Kijana wa bodaboda wa chumba cha mbele halali kabla ya saa tisa, basi alikuwa wa kwanza kutega pipa. Pipa la lita 200 likitegwa, wengine mnakaa na ndoo zenu mnaliangalia linavyojaa. Mama wa chumba cha nne, ana watoto watano na mama mkwe mgonjwa aliyetoka Singida kutibiwa, alikuwa anapata dumu mbili alfajiri, maji yakiwa yameshakuwa mekundu ya mwisho wa bomba. Mchana ananunua kwenye guta. Dumu ambalo tulizoea kulinunua kwa mia tatu lilifika elfu moja, na muuzaji hana hata haja ya kukusalimia.

Aliyetuweka sawa ni bibi mmoja muuza vitumbua, mpangaji kama sisi, si mwenye nyumba wala si mjumbe. Usiku mmoja alitoka na kigoda chake akakiweka mbele ya koki, akakaa. Akasema, "Pipa haligusi hapa mpaka kila mlango umepata ndoo mbili." Yule kijana akacheka, akasema, "Bibi, mimi naishi peke yangu, na huyu ana watu wanane, ndoo mbili mbili ni haki gani?" Nadhani alisema kwa kejeli, lakini bibi aliichukua hoja yake palepale. Kweli, akasema, tusihesabu milango, tuhesabu vichwa. Akaanza kuhesabu, kwa sauti, saa nane ya usiku. Chumba cha kwanza kichwa kimoja. Cha pili viwili. Cha nne vinane. Mtoto mchanga wa chumba cha sita akampa kichwa kimoja na nusu, kwa sababu ya nepi. Mama mkwe mgonjwa akampa viwili. Kijana alipokuja Ijumaa na binamu yake "aliyehamia," bibi alimuuliza binamu amelala upande gani wa kitanda na mswaki wake uko wapi. Binamu hakurudi tena.

Mkumbuke huyo bibi mwenyewe maji ndiyo mtaji wake. Mchele anauloweka, vyombo anaosha. Hakujipa nyongeza. Alisema biashara atainunulia maji, kwa sababu wateja wanamlipa. Sijui ni wangapi kati ya wanaotunga sera wangefanya hivyo.

Zamu ile ilikwenda vizuri mpaka jirani wa ukuta wa chini alipofunga pampu. Huyu ana nyumba yake ya maana, simtank mbili za lita 5,000, na pampu ameiunga moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Mkisikia "mnnn" ukutani, koki yetu inakata kauli. Hata upepo hautoki. Wanaojua mambo ya mabomba wanasema hilo lina hatari kuliko wivu wa majirani: bomba likiwa na maji kidogo na pampu inavuta kwa nguvu, linanyonya na uchafu wa mtaroni kupitia kila palipopasuka, na kinachofuata ni kuharisha mtaa mzima. Vijana wetu hawakuwaza hayo. Walitaka kwenda kukata waya.

Tulikwenda kugonga geti, bibi mbele. Baba wa watu akatoka na msuli, macho mekundu. Akatuambia maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyatupa moja kwa moja: "Mita yangu. Bili yangu. Sijaiba." Na kweli hakuwa anaiba. Analipa, sisi mwenye nyumba wetu alikuwa na deni. Halafu akaongeza kwamba asubuhi wanawake wa mabondeni huja kwake kuchota, anawauzia mia mbili dumu, wakati guta linauza elfu. "Mkizima pampu yangu, hao mtawapa nyinyi?"

Hapo tulinyamaza kidogo. Nilikuwa nimeshamweka mtu huyu kwenye kundi la wabaya, na sasa nasikia mama ntilie wa bondeni wanamtegemea. Bibi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, hatukukatazi kuvuta. Tuachie mpaka saa tisa na nusu, tupate ndoo zetu, halafu vuta hata mpaka Chalinze." Alinung'unika kwamba saa kumi maji yanakata na tenki halitajaa. Bibi akasema tenki lisilojaa bado lina maji. Akakubali, shingo upande. Alishika neno lake siku nyingi, siyo zote.

Nimeliandika hili kirefu kuliko nilivyokusudia, na ninapolisoma naona nimejibana mwenyewe. Nilianza kwa kusema msituwekee vikomo. Lakini yule bibi alifanya nini kama si kutuwekea kikomo? Na ndicho kilichotufikisha Desemba bila kugombana. Kijana wa pipa alipunguziwa, mimi pia nilipunguziwa (nilikuwa mimi na mdogo wangu, na kwenye zile mbio za mwanzo tulikuwa tunajipatia zaidi ya vichwa viwili), na chumba cha nne kikaongezewa. Kumbe kwetu kikomo kazi yake ilikuwa kumfikishia maji asiyepata. Kama ndivyo mnavyomaanisha, basi jibu langu ni ndiyo. Wekeni.

Ila nina ya kusema kabla hamjaweka. Msianze na kuosha magari. Mwosha magari wa pale stendi anatumia ndoo mbili na kitambaa, na wengi wao wanatumia maji ya kisima ya chumvi, anakula kwa hiyo kazi. Anzeni na pampu zinazovuta kwenye bomba za mtaa, na hapo najua namgusa yule jirani na wateja wake, kwa hiyo siku mnayozima pampu yake fungueni kwanza kioski bondeni. Halafu ratiba iseme saa, isiishie kwenye siku. Watu wasiojua saa watategesha koki wazi usiku kucha, kila chombo kitajazwa hata kisichohitajika, na ya zamani yatamwagwa kupisha mapya. Hayo nimeyaona kwa macho. Na ripoti za wadhibiti wenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya theluthi ya maji ya Dar hayafiki kwenye bili, yanavuja au yanachepushwa. Mkazi atakubalije kupimiwa kwa ndoo wakati bomba limepasuka barabarani mwezi mzima na watoto wanaogelea?

Jambo la mwisho ndilo linalonitia shaka kuliko yote. Cape Town walihesabu nyumba kuwa ina watu wanne, ukizidi hapo unakwenda kuomba uongezewe. Kwetu mita moja ina jina la mwenye nyumba, naye anaishi Kibaha, na nyuma yake kuna milango saba. Kwenye kompyuta ya mamlaka ile nyumba yetu ya Kimara ingeonekana ni mteja mmoja mfujaji, na jirani mwenye matangi mawili, mke na mtoto mmoja, angeonekana raia mwema. Mkija na kikomo, njooni na daftari mpite uani mhesabu vichwa, usiku, watu wakiwepo. Na mkikuta kigoda mbele ya koki msikiondoe.

Msomaji wenu,
zamani wa Kimara, sasa Goba, ambako bado tunanunua kwenye boza