Hamu ya pombe baada ya kuacha: maswali yenu wiki hii

Barua nimezifupisha, na majina nimeyasitiri.

Huu mwaka wa pili sijagusa tembo. Lakini jioni mgema akipita na baiskeli yake, mate yananijaa. Naswali, nafunga, hamu haiondoki. Au toba yangu haikupokelewa? (Mkoani)

Ndugu yangu, toba ni baina yako na Mola wako. Mate ni kazi ya ubongo. Kwa miaka umeufundisha kwamba harufu ile ikifika, raha iko nyuma yake. Wewe umeacha, wenyewe haujasahau. Mimi nina miaka tisa tangu niache, na bado nikiona povu linachuruzika mdomoni mwa kidumu cha njano, miguu inakuwa mizito.

Kinachonivusha ni kujua kwamba hamu hupanda kisha hushuka, hata usipoipa kitu. Mara nyingi nusu saa haifiki. Basi usijitwishe maisha mazima. Jiambie, nasubiri mpaka adhana ya magharibi. Pita njia nyingine, kunywa maji, mpigie mtu mmoja anayeijua habari yako. Huyo ndiye muhimu kuliko vyote, na kwetu ndiye adimu, maana mlevi tunamsitiri kwa kumnyamazia, akazama peke yake. Tena jichunge na njaa, hasira, upweke na kukosa usingizi. Hapo ndipo hamu hupata nguvu.

Mume wangu ana miezi miwili tangu aache. Sasa chai vijiko vitano vya sukari, na kashata hazilali ndani. Nimzuie? (Mwanakwerekwe)

Muache kwanza, dada. Wengi wanaoacha hushikwa na uchu wa vitamu. Kama ana kisukari, hilo ni jingine, amuone daktari. Chakula cha jioni tu kisichelewe.

Kaka yetu anakunywa gongo tangu alfajiri. Akikosa, mikono inatetemeka. Wazee wanataka tumfungie chumbani wiki nzima. (Wete)

Hapana, hapana. Mnaweza kufungua mlango mkakuta maiti. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza kupata kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili au ya tatu wengine huweweseka, wakaona wadudu ukutani, moyo ukaenda mbio, na wapo wanaokufa. Mpelekeni hospitali kabla hajaacha, na mseme kweli: anakunywa nini, kiasi gani, mara ya mwisho lini. Mkiona haya mkasema ana homa tu, atatibiwa homa. Pombe huachishwa kwa dawa za kuutuliza mwili, pamoja na vitamini B1.

Kuna dawa ya kukata hamu? Nimtilie mume wangu kwenye chai? (Bububu)

Dawa zipo, kwa cheti cha daktari. Naltreksoni hupunguza hamu, ila anayetumia heroini, au methadoni wanayopewa wanaoacha heroini, asiiguse. Akamprosati humsaidia aliyekwisha acha asirudi. Disulfiramu haikati hamu. Humuuguza anayekunywa pombe juu yake, kwa kutapika na moyo kwenda mbio. Ukimtilia kwa siri naye akanywa, unaweza kumuua. Mwambie twende pamoja hospitali, hata akikataa mara tatu.