Akilia ukimlaza kifudifudi

Mama, umesema mtoto wako ana miezi miwili, akilazwa kifudifudi analia baada ya nusu dakika, na nyanya yake anakwambia uache kumtesa. Usiache, ila usimwache alie pia. Nusu dakika ni mwanzo mzuri. Mrudishe kila ukimbadilisha nepi, lakini si akitoka tu kunyonya, atakucheulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unapendekeza angalau dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye hajaanza kutambaa, na hizo unazijumlisha kidogo kidogo.

Wangu alichukia sakafu kabisa. Kilichosaidia ni kumlaza kifuani mwangu nikiwa nimeegemea mto, jioni, joto la Kisumu likishapungua. Alikuwa anainua kichwa anitafute uso. Baadaye nikahamia mkekani: leso imekunjwa chini ya kifua chake, mikono mbele, nami nimelala chini tunatazamana. (Majirani hapa Nyalenda walicheka sana.) Shingo, mabega na mgongo hupata nguvu hapo, kisha kupinduka na kukaa hufuata.

Kitu kimoja sina mzaha nacho: fanya hivyo akiwa macho na wewe ukimwona. Usingizi ni chali, hata ule wa mchana. Na akifika miezi minne shingo bado haijakaza, beba kile kijitabu cha kliniki ukamwone muuguzi, usingoje siku ya chanjo.