Usiruhusu tuba ya zamani ikatwe

SWALI: Napiga tuba, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, katika okestra ya wapenzi wa muziki hapa Ubelgiji. Tunaandaa "Picha Katika Maonyesho" ya Mussorgsky kwa mpangilio wa Ravel. Kwa ajili ya solo ya tuba katika sehemu iitwayo Bydło nimenunua tuba ndogo ya zamani ya Kifaransa, ya C, yenye valvu sita, ila kipulizio, yaani kikombe cha kupulizia kwa midomo, ni changu cha siku zote. Nota za juu zinashuka, za chini hazishikiki, na sauti ni nyembamba. Fundi anataka kupanua tundu la kupokelea kipulizio, kisha akate bomba kuu la kuvuta sentimita 4 kila mguu ili tuni ipande. Nimkubalie?

JIBU: Hapana. Tena usiirudishe mezani kwake. Dalili zote tatu zinaelekea kwenye kipulizio, na hakuna hata moja inayoponywa kwa msumeno.

Kipulizio chako kilitengenezewa tuba ya kontrabasi, ile kubwa ya kisasa, yenye bomba la mita 4.9 ikiwa ni ya C au mita 5.5 ikiwa ni ya B bemoli. Hiyo uliyonunua nayo huitwa ya C, lakini bomba lake ni mita 2.4 hivi. Iko oktava nzima juu ya C ya kisasa na toni moja juu ya eufonia, ala inayofanana na tuba ndogo. Kikombe cha milimita 32 au 33 ni kikubwa mno kwake. Nafasi iliyo ndani ya kikombe hufanya kazi kama nyongeza ya bomba, na nyongeza hiyo hukua kadiri nota inavyopanda. Ndiyo maana za juu zinashuka kuliko za chini na oktava hazipatani. Shina la kipulizio, sehemu inayoingia kwenye ala, nalo ni nene. Linaingia milimita chache badala ya sentimita 2 hivi, linatikisika, na nota inakosa mahali pa kutulia.

Msumeno wa fundi ungefanya nini? Sentimita 4 kila mguu ni sentimita 8 kati ya mita 2.4, yaani zaidi ya robo toni. Ufaransa iliweka rasmi A ya 435 (mitetemo kwa sekunde) kuwa kipimo cha tuni mwaka 1859. Kutoka hapo hadi 440 unahitaji kufupisha sentimita 2.7 tu kwa jumla, kazi ya kusukuma bomba kuu ndani kwa milimita 14 hivi. Mabomba ya valvu yangebaki na urefu wake wa awali, hivyo kila nota ya valvu ingeshuka ikilinganishwa na nota za wazi. Ungelipia kasoro mpya, nayo hairudishiki.

Kinachokera zaidi ni imani iliyo nyuma ya ushauri huo: kwamba tuba za zamani ni majaribio yaliyoshindwa, na watunzi waliziandikia kwa kukosa kubwa. Si kweli. Tuba ya besi waliyoisajili Wieprecht na Moritz mjini Berlin mwaka 1835 ilikuwa ya F, yenye valvu tano. Mtunzi Berlioz mwaka 1830 aliandikia serpenti na ofikleidi, ala za besi za kabla ya tuba zenye ukali na punje ambazo tuba nene ya leo inazifunika. Ravel mwaka 1922 aliandikia hiki kidude ulichonacho. Solo ya Bydło inapanda hadi G dizi iliyo juu ya C ya kati. Kwenye tuba yako nota hiyo iko kati ya sauti asilia (nota ambazo bomba hutoa bila valvu) ya 6 na ya 7, zilizoachana vya kutosha kwa mdomo kuchagua. Kwenye kontrabasi ya B bemoli ni karibu na ya 14, mahali ambapo jirani wako umbali wa toni moja au pungufu, na kuteleza ni rahisi mno. Wembamba wa sauti unaoulalamikia, ukipata kipulizio sahihi, ndio rangi aliyoitaka: inaimba, ina huzuni, haigugumii.

Basi tafuta kipulizio chenye upana wa ndani wa milimita 26 hadi 28, kinachokaribia cha eufonia, na shina linaloingia bila kutikisika. Kama shina halilingani, mpe mkerezaji alipunguze, au akuchongee kipande cha kuunganishia. Kipulizio hununuliwa kingine. Bomba la miaka mia halipatikani.

Ukishakipata, pima uvujaji. Bila kubonyeza valvu, vuta bomba lake polepole, subiri sekunde tatu, kisha bonyeza. Ukisikia mlio wa "pop", valvu inashika hewa. Kukiwa kimya, tumia mafuta mazito zaidi kabla ya kufikiria kukarabati pistoni, na kagua koki ya kutolea maji, maana ikichakaa huua nota za chini kabisa. Halafu pima kwa tuna (kifaa cha kupimia tuni) kila valvu peke yake inashusha kiasi gani. Usiamini chati ya vidole ya mtandaoni, kwa sababu watengenezaji hawakupanga valvu sita kwa namna moja. Chini puliza kwa upole, hewa nyingi na mwendo wa taratibu. Ukisukuma kama kwenye kontrabasi, nota itapasuka. Na Lango Kuu la Kiev, sehemu ya mwisho ya "Picha", pigia tuba yako kubwa. Tromboni za kisasa zenye bomba pana zitaimeza hii ndogo.

Wenye ala za zamani mjihadhari pia na wanaouza "tuba ya kihistoria iliyoboreshwa". Mara nyingi imesuguliwa kwa mashine hadi shaba ikawa nyembamba na muhuri wa mtengenezaji ukafutika. Siki, limau na tindikali nyingine huondoa zinki na kuacha madoa mekundu ya shaba dhaifu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo ya vyombo na brashi laini. Bomba lililoganda liwekewe mafuta ya kupenya kwa siku kadhaa, bila koleo.

Kwa tuba za Kiingereza, uliza kwanza tuni. Nyingi zilitengenezewa tuni ya juu, A ya 452 hivi, karibu robo toni juu ya 440. Tuba ya F ya aina hiyo inahitaji nyongeza ya sentimita 10 kwa jumla: bomba kuu livutwe sentimita 5, na kila bomba la valvu livutwe kwa uwiano uleule, la valvu ya kwanza kama milimita 6. Muuzaji akikwambia "vuta tu bomba kuu", mwombe apige skeli yenye valvu zote mbele ya tuna kabla hujalipa.