Sato 12 wa Krismasi

Marahaba, mwanangu.

Unauliza kwa nini samaki mzima akiingia kwenye karai lako hung'ang'ania chini, ngozi ikabaki huko, mkia ukakatika, na ukimfungua karibu na mfupa unakuta nyama bado ina wekundu. Na Krismasi hii una wageni 12 hapo Dodoma, kila mmoja unataka apate sato wake mzima. Jibu langu ni neno moja: maji. Kugandia na kukatika kunatokana na samaki kuingia kwenye mafuta akiwa amelowa. Ule wekundu una sababu nyingine, nitaufikia.

Nunua tarehe 24 asubuhi. Pale sokoni Majengo utakuta sato wa Ziwa Victoria waliosafiri na barafu, na wa bwawa la Mtera, ambako ni karibu zaidi. Watu hubishana yupi mtamu. Wewe angalia barafu. Inua kifuniko cha shavu: matamvua yawe mekundu, si ya kahawia, wala yasiwe na ute mzito. Jicho liwe angavu na limetokeza. Bonyeza mgongoni kwa kidole, kishimo kirudi mara moja. Aliyelegea tumbo mwache hata kama bei inashuka. Ukikosa wabichi, waliogandishwa si vibaya, ila wayeyushe usiku wa kuamkia tarehe 24, chini kabisa kwenye friji, wakiwa juu ya chujio ili maji yachuruzike. Ukiwatumbukiza kwenye ndoo ya maji wayeyuke upesi, nyama inalegea na kunywa maji, na hayo maji utakutana nayo kesho karaini.

Chukua wanaokwenda wawili kwa kilo, kwa hiyo kilo 6. Sato wa kilo nzima anapendeza kwenye sinia, lakini mgongo wake ni mnene: nje anakuwa ameungua, ndani bado. Nadhani wekundu wako unatoka hapo, pamoja na moto mkali.

Wapara samaki wa sokoni wana kasi, lakini mara nyingi huacha vitu vitatu. Cha kwanza ni matamvua. Yang'oe yote, ndiyo yanayoharibika mapema. Cha pili ni utando mweusi uliobandika ndani ya tumbo la sato. Usugue kwa kitambaa chenye chumvi mpaka pawe peupe, maana ladha yake ni chungu. Cha tatu ni mstari wa damu uliojificha chini ya uti wa mgongo. Pitisha ncha ya kisu, kisha ukwangue kwa ukucha huku maji yakimiminika. Shombo unayoilaumu kwenye samaki wazima kwa kiasi kikubwa inakaa hapo. Ukikuta mayai, yatoe ukaange peke yake kwa moto mdogo, kwa sababu hulipuka kwenye mafuta. Mapezi na ncha ya mkia punguza kwa mkasi, vinginevyo vitaungua kabla nyama haijaiva.

Kama samaki ana harufu ya tope, mloweke kwenye maji yenye limao au siki kwa dakika 15, halafu msuuze. Usizidishe. Limao huipika nyama ya juu, ikawa nyeupe na yenye kumomonyoka, na ndivyo samaki anavyokatika wakati wa kugeuza.

Sasa mchanje: mikato mitatu kila upande, ya mshazari, kuanzia nyuma ya kichwa, ikiachana kwa upana wa vidole viwili. Kisu kikaribie mfupa bila kuukata. Mikato hiyo inafanya mgongo uive sambamba na mkia, na inazuia ngozi isijikunje na kumpinda samaki. Saga vichwa 2 vya kitunguu swaumu, tangawizi ya urefu wa kidole na kijiko cha chai cha pilipili manga. Chumvi ni kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa kila samaki. Hapa wengi hukosea: wanampaka viungo mwili mzima. Swaumu iliyo juu ya ngozi huungua ndani ya dakika mbili, inakuwa nyeusi, na mafuta yote yanakuwa machungu kwa samaki wanaofuata. Viungo viingize kwenye mikato na tumboni. Ngozi ipate chumvi tu.

Kisha mkaushe. Mfute kwa kitambaa safi nje, ndani ya tumbo, na kwenye mikunjo ya mapezi. Mpange kwenye friji usiku kucha bila kumfunika, ngozi ikauke iwe kama karatasi. Ukimgusa asubuhi kidole kisilowe. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo, na asubuhi mweke kwenye upepo nusu saa chini ya chandarua cha nzi. Upepo wa Dodoma unakausha vizuri, lakini mwezi wa kumi na mbili jua ni kali, usimsahau nje. Ukifika hapo huhitaji unga. Anayeutaka apake vumbi jembamba la unga wa ngano dakika moja kabla ya kukaanga, kisha akung'ute.

Mafuta ya alizeti hapo hayana shida kupatikana, ila angalia ni yapi. Yale ya kukamua yasiyosafishwa, yenye rangi nzito, ni matamu kwenye mboga. Kwenye kukaanga hutoa povu linalopanda mpaka kumwagikia jikoni, na moshi wake huja mapema. Nunua yaliyosafishwa, lita 3. Weka lita 2 kwenye karai pana, iliyobaki ni ya kuongezea. Tumia jiko la mkaa, maana jiko dogo la gesi halimudu karai kubwa. Chovya mpini wa mwiko mkavu: mapovu madogo yakiuzunguka kwa haraka, mafuta yako tayari. Yakifuka moshi, epua kidogo.

Weka samaki wawili tu. Wakiwa wanne mafuta yanapoa, samaki anachemka badala ya kukaangika, na ngozi inashika chuma. Mshushe ukianzia mkia upande wako, kichwa kilale kuelekea mbali nawe, ili mafuta yarukie upande wa pili. Halafu usimguse. Ngozi ikiiva inaachia yenyewe. Tikisa karai taratibu, samaki akiteleza ndipo mgeuze, mara moja tu, kwa vijiko viwili vipana, kimoja chini ya kichwa na kingine chini ya mkia. Kwa nusu kilo ni kama dakika 7 upande wa kwanza na 5 wa pili. Vuta pezi la mgongoni: likitoka bila ubishi, ameiva mpaka kwenye mfupa. Opoa makombo, ngoja mafuta yapate moto tena, ndipo uweke wengine.

Hesabu ya muda sasa. Awamu 6 za robo saa ni saa moja na nusu, na wewe unataka kwenda ibadani. Rudi, anza saa tano na nusu, umalize saa saba. Wasimamishe kwenye chujio la waya, wasilaliane. Tafadhali usiwafungie kwenye hotpoti: mvuke wao wenyewe utailowesha ngozi, na kazi yote ya usiku imepotea. Saa saba na nusu ongeza mkaa, warudishe kwenye mafuta yenye moto zaidi, dakika 2 kila mmoja, na waende mezani wakilia.

Rojo pika mapema: vitunguu maji kilo 1 vikaangwe mpaka viwe kahawia, nyanya kilo 2, karoti na hoho. Zipike mpaka mafuta yaelee juu, ndipo utie maji ya ukwaju nusu kikombe. Ukipenda tui la nazi, liingie mwishoni kabisa, ukikoroga kwa moto mdogo, la sivyo litakatika. Rojo likae kwenye bakuli lake. Ukilimwaga juu ya samaki kabla wageni hawajakaa, ngozi imekwisha. Wali sawa, na ukisonga na ugali wa uwele pembeni, wazee wa Kigogo watakaa hapo hapo.

Watoto wape minofu ya mgongoni, miiba ya tumboni ni myembamba. Vichwa vitakavyobaki viweke kwenye friji mara tu watu wakimaliza kula. Supu yake tarehe 26 asubuhi inataka ndimu na pilipili tu.

Mama yako