Ukikwama kwenye sumaku-umeme, fungua atlasi

Juzi kijana wa mwaka wa pili wa uhandisi wa umeme kaniandikia inbox: "Kaka, mistari ya uga nakariri tu, sioni kitu." (Ni ile mistari inayoonyesha nguvu ya umeme au sumaku inaelekea wapi.) Mdogo wangu, jibu langu ni refu, ngoja niliweke hapa.

Mimi ni mtoto wa PGM, yaani Fizikia, Jiografia na Hisabati. Wenzetu wa PCM, wenye Kemia badala ya Jiografia, walikuwa wakituuliza Jiografia itatusaidia nini. Tulipofika chuo, mhadhiri akachora nyaya mbili ndefu sambamba zikitazamwa kwa juu, moja ina chaji chanya, nyingine hasi, na mistari ikipinda kutoka huku kwenda kule. Nikanyoosha mkono, nikasema hiyo ni ramani ya dunia. Darasa likaangua kicheko. Mhadhiri akaniambia nisichanganye masomo. Miaka imepita na bado linaniuma, maana nilikuwa sahihi kabisa.

Chukua tufe la kioo lililochorwa longitudo na latitudo, ulilaze ubavu mezani ili ikweta ndiyo iguse meza. Weka taa ndogo juu kabisa ya tufe, mkabala na hapo panapogusa. Vivuli vinavyoanguka mezani ndiyo projeksheni ya stereografia. Longitudo zinakuwa maduara yanayopita kwenye ncha zote mbili, isipokuwa ile ya chini ya taa, ambayo inanyooka. Kila latitudo inakuwa duara linaloizunguka ncha yake, na ikweta inanyooka katikati. Sasa weka nyaya mahali pa ncha: longitudo ni mistari ya uga, latitudo ni mistari ya volti sawa, ikweta ni volti sifuri. Mchoro ni uleule, mstari kwa mstari. Na nyaya hizo zikibeba mikondo inayopingana, latitudo ndizo zinakuwa mistari ya uga sumaku.

Sasa lisimamishe tufe juu ya ncha ya kusini, taa iwe ncha ya kaskazini. Longitudo zinatawanyika kama miale, latitudo zinakuwa duara ndani ya duara. Hiyo ni kebo ya antena iliyokatwa: waya katikati, ganda la chuma kuuzunguka. Mchora ramani Mercator, kwenye ramani yake ya 1569, alizisimamisha longitudo sambamba, na hapo unapata uga kati ya bamba mbili. Kimo kwenye Mercator kinakwenda kwa logi asilia (ln) ya nusu kipenyo cha ile ramani ya ncha. Chukua kebo yenye waya wa ndani wa nusu kipenyo mm 1, ganda la nje mm 3, katikati hewa. Kwenye Mercator ni utepe wenye upana 2π, yaani 6.28, na kimo ln 3, yaani 1.10. Gawanya upana kwa kimo, kama kwa bamba mbili, zidisha kwa 8.85, namba ya hewa katika pikofaradi kwa mita: uwezo wa kebo kuhifadhi chaji ni pikofaradi 50 na ushee kwa kila mita. Hukukariri chochote.

Kwa hiyo chora, tena kwa mkono. Na asikutishe mtu kwamba unachanganya masomo. Gauss, mwanahisabati Mjerumani ambaye sheria yake ya umeme mnaikariri, miaka ya 1820 alikuwa akipima ardhi ya Hannover na kuandika juu ya ramani zinazohifadhi pembe. Ramani hizi tatu zote zinahifadhi pembe, ndiyo maana mistari ya uga na ya volti inabaki ikikatana kwa nyuzi 90 popote unapoihamishia. Soma, mdogo wangu, chora tena!

Ila hii ni ya nyaya ndefu tu. Ukipewa vitufe viwili vidogo vyenye chaji, mistari yake si maduara, na hapo ramani hizi weka pembeni.