Binti wa S.5 na kuchagua chuo: kozi kwanza, jina la chuo baadaye

Dada uliyeuliza kutoka Busia, umesema binti yako yuko S.5, darasa la kwanza kati ya mawili ya sekondari ya juu hapa Uganda (la pili ni S.6), anasoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Kwamba hataki kusikia lolote isipokuwa udaktari, tena Makerere. Kwamba shuleni kwao hakuna mwalimu wa kuwaongoza. Na kwamba wewe mwenyewe hukufika chuo, hivyo hujui pa kuanzia. Nimefundisha sekondari upande wa Tororo kwa miaka 14, na kwa miaka 9 kati ya hiyo nimekuwa nikikabidhiwa watoto wa S.6 niwasaidie kuomba vyuo. Kazi hiyo haina malipo, na mengi nimejifunza kwa kukosea, kwa hiyo nitakueleza pamoja na makosa yangu.

Kosa ambalo bado linaniuma ni la mvulana mmoja wa PCB, mtoto mwenye bidii, ambaye nilimwacha ajaze udaktari katika kila nafasi ya fomu, akibadilisha chuo tu. Alipata B ya kemia na C mbili. Si matokeo ya kuonea haya, lakini alikosa kila mahali, ilhali mwenzake wa dawati moja, mwenye alama za chini kuliko zake, alipata udhamini wa serikali akasomee kilimo, kwa sababu fomu yake ilikuwa na kozi tatu tofauti. Baba yake yule wa kwanza alikuja shuleni na kuniuliza swali moja tu: "Mwalimu, hesabu hii hukuijua mapema?" Niliijua, ila sikuwa nimekaa na mtoto tukaifanya pamoja.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, na ningekuomba ukae na binti yako mezani muifanye kwa kalamu. Katika mtihani wa mwisho wa S.6, somo kuu lenye A lina pointi 6, B lina 5, C lina 4, D lina 3, E lina 2, na O lina 1. Vyuo vya umma havijumlishi pointi hizo hivihivi, bali kila kozi hutaja masomo yake mawili ya lazima, ambayo pointi zake huzidishwa mara 3, na somo linalohusiana, ambalo huzidishwa mara 2; General Paper, yaani karatasi ya maarifa ya jumla, na somo dogo, liwe hisabati au kompyuta, huleta pointi 1 kila moja likifaulu. Kwa udaktari, baiolojia na kemia ndiyo masomo ya lazima, na kwa mtoto wa PCB fizikia ndilo linalohusiana. Mvulana wangu, basi, alikuwa na 15 za kemia, 12 za baiolojia, 8 za fizikia, na 2 za masomo madogo, jumla 37. Mwenye A tatu hufikia 50, na wenye A tatu nchini si haba. Msichana huongezewa 1.5 katika vyuo vya umma, utaratibu ulioanza mwaka 1990, na mara nyingi nimeona pointi hiyo moja na nusu ikiamua nani anaingia na nani anabaki nje, lakini haiwezi kuziba pengo la pointi 13.

Chukua ripoti yake ya muhula uliopita, uweke alama zake halisi katika hesabu hiyo, si zile mnazotarajia. Kisha mtafute orodha ya pointi za mwisho za kuingilia ambayo vyuo hutoa kila mwaka kwa kila kozi, na mlinganishe. Mtoto akiona namba kwa macho yake, hakuna haja ya kumvunja moyo kwa maneno. Wengine huanza kusoma kwa nguvu zaidi, na wengine hugundua wenyewe kwamba PCB ina milango mingi: famasia, uuguzi, maabara ya tiba, udaktari wa mifugo, kilimo, sayansi ya chakula, ualimu wa baiolojia na kemia. Abakize udaktari juu ya orodha, sina ugomvi nao, lakini chini yake ziwepo kozi mbili au tatu ambazo angeweza kuzisoma bila kununa.

Na hapo ndipo jina la chuo linapoingia, si kabla. Makerere ilianza mwaka 1922 na heshima yake haina mjadala, lakini udaktari husomwa pia Mbarara, Gulu na Busitema. Ninyi wa Busia mnapaswa kujua kwamba Busitema ina matawi kadhaa, na ingawa makao yake makuu yako wilayani kwenu, udaktari husomewa Mbale, kilimo Arapai karibu na Soroti, na ualimu wa sayansi Nagongera. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mpwa wangu mwenyewe, katika chuo kingine chenye matawi, alilipia chumba cha muhula mzima jirani na lango kuu, kisha akagundua siku ya kuripoti kwamba kozi yake iko mji mwingine kabisa. Barua ya kukubaliwa ilikuwa imeandika tawi. Sisi ndio hatukuisoma hadi chini, na mwenye nyumba hakurudisha hata shilingi.

Kuhusu fedha, nitasema wazi. Udhamini wa serikali hutolewa kwa wanafunzi takriban 4,000 kwa mwaka, wengi wao wa sayansi, na sehemu yake hugawanywa kwa wilaya, hivyo hakikisheni wilaya ya asili mnayoijaza ni ile mnayoweza kuithibitisha. Akiukosa, ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mkopo huo hulipa ada ya masomo, ada nyingine za chuo na gharama za utafiti, na huombwa na yule ambaye tayari amekubaliwa chuoni. Haulipi chakula wala hosteli, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mtoto anayekaa Kikoni au Wandegeya, mitaa ya jirani na Makerere, atahitaji pesa za chumba, usafiri na angalau rolex ya jioni, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, kila wiki, kwa miaka mitano ikiwa ni udaktari. Andikeni gharama hizo zote katika karatasi moja na ada, kabla hamjaipenda kozi.

Kwa chuo chochote cha binafsi, angalieni tovuti ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Msitosheke na kuona jina la chuo; tafuteni kozi yenyewe, kwa sababu ithibati, yaani kibali rasmi cha kuifundisha, hutolewa kwa kozi moja moja na ina muda wake. Bango la barabarani si ithibati.

Asipofikia digrii mara moja, stashahada ya utabibu au ya maabara si aibu, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuomba digrii baadaye. Nina wanafunzi wawili waliopita njia hiyo, na mmoja sasa ananipima presha.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo lifanye wiki hii. Toa hati ya matokeo yake ya S.4, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, uvipange mezani, usome jina lake herufi kwa herufi. Nina msichana aliyeandikwa kwa "H" katika hati moja na bila "H" katika nyingine. Aliitwa kusajiliwa, akarudishwa, na tulishinda siku nne tukitafuta wakili wa kiapo huku foleni ya wenzake ikisonga. Kwa mtoto wa S.5 muda wa kusahihisha bado upo.